Jeli ya Ng'ombe Usoni Mwangu

Ndugu zangu, nimeomba nisimame hapa karibu na dirisha, si kule kwenye kona ninakokaa siku hizi. Nataka mwone uso wangu. Nitasema kwa Kiswahili kwa sababu mwalimu wetu mgeni ametoka Embu, na Kimeru chetu cha Kibirichia bado kinamwacha njiani. Mama mwenye nyumba, asante kwa chai. Niruhusu nisishike kikombe mpaka nimalize.

Mnajua kwamba tangu viazi vya msimu uliopita sijahudumu kwenye Meza ya Bwana. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa wazee wanaopitisha mkate na kikombe, kisha nikaacha. Leo nimekuja kuwaambia kwa nini niliacha. Nikimaliza nitaketi, na ninyi mtasema kama nirudi au nisirudi. Mimi mwenyewe nimejiamulia mambo vya kutosha, na mtasikia yalikonifikisha.

Acha nianze na ng'ombe.

Wengi wetu hapa tunakamua. Mnaijua baridi ya huku alfajiri, upepo unaposhuka kutoka mlimani bila kusimama popote. Vidole hupasuka, midomo hupasuka, mashavu hukauka mpaka mtu anaogopa kucheka. Na mnaijua ile jeli tunayopaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua ili zisichubuke. Asubuhi moja nilimaliza kukamua nikaona mikono yangu bado ina jeli. Kuifuta kwenye suruali niliona ni hasara. Nikajipaka usoni.

Nawaambia ukweli, uso ule ulitulia kama mtoto aliyenyonya akashiba. Upepo ulipita bila kuniuma. Kesho yake nikarudia. Baada ya muda sikungoja tena masalio ya mikononi. Nilichota koponi kwa vidole, asubuhi na jioni, nikapaka paji la uso, pua, mashavu, mpaka chini ya macho. Nilipokwenda Meru mjini nilinunua kopo kubwa kwenye agroveti moja, duka la dawa za mifugo, upande wa Kinoru. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, ng'ombe wameongezeka?" Nikamwambia wameongezeka. Nilikuwa na ng'ombe wawili, na mmoja hakuwa anakamuliwa.

Chekeni tu. Mama, weka kikombe chini kwanza usije ukajimwagia.

Basi uso ukaanza kung'aa. Jumapili moja, mlangoni mwa kanisa, mama mmoja alinishika mkono akasema, "Mzee, mtu akikaa na Mungu huonekana usoni." Nikamwambia, "Mungu ni mwema, mama." Baadaye, katika mkutano kama huu, ndugu mmoja alisimama akashukuru kwa ajili ya wazee ambao nyuso zao zinaonyesha kwamba wanaomba. Hakunitaja jina, lakini mlinigeukia. Mlisema amina. Mimi pia nilisema amina.

Ningeweza kusema pale pale kwamba ni jeli ya ng'ombe. Tungecheka, tukanywa chai, na jambo lingeishia hapo. Badala yake niliinamisha kichwa, kama mtu asiyependa kusifiwa. Nimesoma Maandiko tangu ujana wangu, nimefundisha watoto wenu katekisimu, na bado niliinamisha kichwa ili nipokee sifa ambayo ilitoka kwenye kopo lenye picha ya ng'ombe. Hilo ndilo linaloniumiza hata sasa ninaposema.

Vile vidoa vyeusi sijui vilianza lini. Aliyeviona kwanza ni mke wangu. Vilikuwa kwenye pua, vidogo sana, kama mtu amenimwagia majani ya chai. Akaniambia, "Mzee wangu, umeinama kwenye moto? Una masizi puani." Nikaenda kunawa, nikarudi. Akasema, "Hayajatoka." Nikanawa tena. "Bado." Nikamwambia labda ni macho yake.

Miezi ilivyokwenda vikaongezeka. Vikashuka mpaka kidevuni, vikapanda kwenye paji. Na hapa, kandokando ya macho kuelekea masikioni, vikatokea vikubwa, vyeusi, kama mbegu za pasheni zilizopandwa kwenye ngozi. Pale tunapopeleka maziwa asubuhi, jamaa mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mzee, siku hizi unachoma makaa?"

Mwingine akadakia, "Makaa gani? Huyo alikuwa anabusu sufuria!"

Wakacheka. Nikacheka nao, nikachukua mkebe wangu, nikaenda nyumbani kujisugua.

Nilidhani ni uchafu. Nilisugua kwa gunzi la mahindi. Nikasugua kwa lile jiwe la kusugulia visigino. Nikapaka ndimu na chumvi, nikakaa nyuma ya zizi machozi yananitoka, uso unawaka moto. Na ulipowaka moto, mnadhani niliutuliza kwa nini? Kwa jeli, tena nyingi kuliko kwanza. Nikiamka kesho yake uso unang'aa na vidoa vipo, tena naona kama vimeitana.

Msiniulize kama niliomba. Niliomba na kufunga. Nilitafuta katika maisha yangu kosa ambalo Mungu ameamua kuliandika usoni ili watu walisome. Nilipokumbuka ile amina yangu, nikasema, ndiyo hiyo. Nilijivunia uso, na uso umechukuliwa.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Meza ya Bwana. Mnajua jinsi tunavyopita kwenye mabenchi. Unainama mpaka uso wako unakaribia wa mtu. Nilimfikia mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani. Niliona macho yake hayako kwenye kikombe, yako puani mwangu. Labda alikuwa anawaza mambo yake, sijui. Lakini niligeuza uso pembeni, kikombe kikainama, na tone likaanguka kwenye nguo yake. Nilijiona mtu mchafu aliyeshika kitu kitakatifu. Baada ya ibada nilimfuata mchungaji nikamwambia siwezi kuhudumu tena kwa muda, kwa sababu ya goti.

Ndiyo, mchungaji. Goti.

Goti langu halikuwa na shida. Lilikuwa zima siku ile na ni zima leo. Nilitafuta ugonjwa unaomfaa mzee, ugonjwa ambao mtu anaweza kuutaja bila kuinamisha macho, nikapata goti. Mzee wa umri wangu atasemaje kwamba amekataa kumtumikia Mungu kwa sababu ya madoa ya puani? Hayo niliona ni mambo ya wasichana wa shule.

Nanyi mkafanya kile mnachofanya siku zote. Mama mmoja aliyeketi hapa aliniletea dawa ya kuchua, akanifundisha jinsi ya kuipasha moto kidogo. Mlikuja nyumbani kwangu mkaweka mikono juu ya goti hili mkaomba, na baadhi yenu mlilia. Na viazi vilipokomaa mlikuja na majembe yenu. Nilikaa mlangoni kwenye kiti, mguu nimeuweka juu ya kigoda, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, nikawatazama mkichimba viazi vyangu, mkijaza magunia. Mke wangu alipowaletea uji nilitaka kuinuka nimsaidie, na mmoja wenu akaniambia kwa sauti kali, "Mzee, keti! Tumekuja ili upumzike." Nikaketi. Mke wangu alinitazama tu. Usiku ule hakunisemesha, na alikuwa na haki.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kutumia pini. Nilikuwa nachokonoa, nabana kwa kucha. Kimoja cha shavuni kikavimba, kikafanya usaha, nikakifunika kwa plasta. Ibadani nikawa nakuja nimechelewa na kuondoka kabla ya baraka, ili nisisalimiane na mtu.

Nilikuwa katika hali hiyo mwanangu alipopiga simu kutoka Embu, anakofanya kazi ya ofisi. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mtoto wa kwanza. Mnajua desturi yetu: mtoto huyo ana jina langu. Akasema, "Baba, njoo umshike, umwombee." Ningekataaje? Nikaenda pamoja na mke wangu.

Tulipofika, mke wa mwanangu alinisalimu kwa heshima, akamleta mtoto amefungwa kwenye blanketi. Aliponyoosha mikono kunipa, niliirudisha mikono yangu nyuma. Niliwaza, na kama uchafu huu unaambukiza? Nikasema, "Acha nipumzishe goti kwanza."

Akasema taratibu, "Lakini Baba, mtoto anashikwa kwa mikono."

Mwanangu akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Mke wangu alikuwa ameweka mkoba wake magotini. Akasema bila kunigeukia, "Waambie. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi."

Nikaivuta kofia chini. Ndipo mke wa mwanangu akaketi kando yangu, si mbele yangu, macho yake kwa mtoto. Kwetu si rahisi msichana aliyeolewa amhoji baba mkwe, tena juu ya mwili wake. Alisema kama anayezungumza na mtoto: "Baba, ni uso? Mimi nimekuwa na chunusi tangu nikiwa sekondari. Najua mtu anavyoketi akiwa hataki kutazamwa. Kesho twende nikuonyeshe daktari wa ngozi."

Nilijaribu kusema kwamba nimezeeka kwa mambo hayo. Akanijibu, "Kwani ngozi inastaafu?"

Tukaenda. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Aliniketisha karibu na taa, akanivua kofia kwa mkono wake, akabandua plasta, akatazama. Kisha akauliza, "Mzee, unapaka nini usoni?"

Nikasema, "Sipaki kitu, daktari. Nanawa kwa maji tu."

Hakubishana nami. Alichukua pamba, akanipangusa paji la uso, akaniinulia ile pamba nione. Ilikuwa inateleza mafuta. Akauliza kwa upole kabisa, "Maji ya kwenu yana mafuta?"

Ndugu zangu, nilitamani sakafu inimeze. Nikamtazama mke wa mwanangu, nikamtazama daktari, nikasema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Daktari akainama. "Jeli ya nini, mzee?" Nikarudia, "Ya ng'ombe. Ya kukamulia."

Mke wa mwanangu alijaribu kujizuia, maskini. Alifunika mdomo kwa leso, mabega yakatikisika, mwishowe akatoka nje, na tukamsikia akicheka kwenye korido. Daktari akauma mdomo. Na mimi, sijui ilitoka wapi, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka kidonda cha shavu kikauma. Na nilipokwisha kucheka nilikuwa nalia, na sikuona haya, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuficha katika chumba kile.

Daktari alinieleza nami nitawaeleza nilivyoelewa. Alisema, "Mzee, huu si uchafu. Ngozi ina vitundu vidogo, na mwili unatoa mafuta yake kupitia hapo. Mafuta yakikutana na ngozi iliyokufa yanafanya kizibo. Kizibo kikibaki wazi kwa juu, kinakutana na hewa na kugeuka cheusi. Ukisugua huondoi weusi, unaondoa ngozi. Na ile jeli ni nzito, ilitengenezwa kwa chuchu za ng'ombe. Wewe umekuwa ukiziba vitundu vyako asubuhi na jioni kama mtu anayekandika nyumba."

Nikamwonyesha vile vikubwa vya kando ya macho. Akaniuliza kama navuta sigara, nikamwambia sijawahi. Akauliza, "Umelima bila kofia?" Nikamwambia tangu utotoni. Akasema jua la miaka mingi huilegeza ngozi, vitundu vikatanuka, na kwa wazee hutokea mara nyingi mahali hapo.

Nikajikaza nikauliza lile lililokuwa moyoni. "Daktari, haiwezi kuwa adhabu?"

Akaishika tena ile pamba. "Adhabu sina kipimo chake hapa, mzee. Lakini nikiona jeli kiasi hiki, sitafuti sababu nyingine."

"Na inaambukiza?"

"Haiambukizi. Hicho kidonda ulichochokonoa nitakupa dawa yake, ukifunike na unawe mikono. Lakini una mjukuu, nimesikia. Nenda ukamshike."

Nilimshika alasiri ile ile, na vidoa vyangu vyote vikiwa usoni. Alinitazama kwa muda mrefu kama wanavyotazama watoto wachanga, akapiga mwayo, akalala. Nikamwombea kwa jina lake ambalo ni jina langu.

Msidhani niliamka kesho yake nimepona. Jeli niliiacha siku hiyo hiyo. Daktari alinipa sabuni laini ya kunawia asubuhi na jioni, kwa ncha za vidole na maji ya uvuguvugu, bila gunzi, bila jiwe. Alinipa losheni nyepesi isiyoziba ngozi kwa ajili ya baridi yetu, nyingine ya kukinga jua, na akaniamuru kofia yenye ukingo mpana niendapo shambani. Usiku kulikuwa na krimu, kiasi cha punje moja ya minji, ile njegere, kwa uso wote, mbali na macho. Mimi niliona punje ya minji ni uchoyo, nikapaka kiasi cha kiazi. Uso ukawa mwekundu, ukaanza kubambuka. Mke wangu akasema, "Sasa umekuwa kiazi kilichochemshwa na maganda yake."

Nikampigia simu mke wa mwanangu nikamwambia dawa imenishinda. Akaniuliza kiasi ninachopaka. Nilipomwambia, akasema, "Baba, ulishawahi kupanda viazi leo ukachimba kesho?" Nikarudi kwenye punje ya minji. Ilichukua miezi. Niliporudi kliniki, daktari alivitoa vile vikubwa mwenyewe kwa kichuma chembamba chenye tundu, baada ya kuisafisha ngozi. Akaniambia nikionekana tena na pini atanifukuza.

Sogeeni mnitazame. Puani bado vipo vichache, na alisema huenda vikarudi rudi, kwa hiyo naendelea. Hapa shavuni pamebaki kovu la ile pini. Na uso haung'ai. Ni uso wa mzee mwenye ngozi kavu anayeomba siku nyingine vizuri na siku nyingine akisinzia.

Nashukuru. Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru mke wangu, aliyenyamaza pale ambapo angeweza kuniaibisha, na akasema pale nilipostahili kusemwa. Namshukuru binti yule wa Embu, kwa leso yake na kicheko chake, na daktari aliyeuliza swali lake bila kunidharau. Nawashukuru ninyi mliochimba viazi. Msimu huu nitazunguka kwenye mashamba yenu na jembe langu, kila shamba, na msiniambie niketi.

Ninalowaachia ni hili. Mtu mwenye shida ya ngozi, mzee au kijana, asione ni jambo dogo la kuchekesha wala asidhani ni uchafu. Aende kliniki aonwe yeye mwenyewe. Asije kuniomba krimu yangu, maana ngozi zetu si moja. Na mtu mwenye aibu, aitaje kwa jina lake. Mimi niliwapa goti, nanyi mkaliombea kwa upendo wote, msimu mzima, huku nikizidi kuugua mahali ambapo hamkuweza kufika kwa sababu mimi ndiye niliyefunga mlango. Naomba mnisamehe kwa machozi yale niliyowatoa bure. Mama wa dawa ya kuchua, wewe nakuomba msamaha peke yako. Mchungaji, na wewe.

Jumapili ijayo ni ya Meza ya Bwana. Kama mtaona vyema mwingine ashike kikombe, nitapokea nikiwa kwenye benchi kama wengine, na nitasalimiana na kila mtu mpaka baraka ziishe. Mkiniruhusu kuhudumu, nitawainamia kwa karibu kama zamani, nanyi mtazame mnachotaka kutazama. Lakini semeni nikiwa hapa, msingoje nitoke.

Nimemaliza. Mama, sasa niletee hicho kikombe.